Mtoto asome mwenyewe nyumbani, mzazi ufanye nini na uwache nini

Wazazi wengi hapa Mombasa twamwambia mtoto haya chukua kitabu usome, kitabu chenyewe ni kile kile cha shule, na akishika tu twaanza, paza sauti, hapo umeruka, hili maana yake nini, sasa hiyo si kusoma hiyo ni mtihani umeletwa nyumbani. Kusoma mwenyewe manake achague mwenyewe, akae nacho mwenyewe na kikimchosha akifunge.

Kwa hivyo anza na kuchagua. Wacha achukue hata kama wewe waona ni cha kitoto, na akitaka kurudia kile cha fisi wiki nzima mwache, akirudia ndo anasoma mbio bila kukwama na ndo anapata raha. Katuni ni kusoma, ukurasa wa michezo wa gazeti pia ni kusoma.

Kujua kama kitabu kimemzidi kuna njia ya vidole vitano. Fungua ukurasa wa katikati asome, kila neno likimshinda akunje kidole, vitano vikiisha kabla ya ukurasa kwisha bas hicho kiwekeni kwanza au msomeeni. Lakini kwa Kiswahili hii yaweza kukudanganya! Kiswahili chaandikwa vile kinavyotamkwa, mtoto akishajua ba be bi bo bu atakusomea gazeti zima na haelewi kitu, na hawa wetu wa madrasa ndo kabisa, wamezoea kusoma Kiarabu kwa sauti tamu bila kujua maana, ulimi mwepesi huo. Kwa Kiswahili hesabu maneno asiyojua maana, si yale asiyoweza kutamka. Kwa Kiingereza hesabu yote mawili, kule herufi zina vituko vyao.

Na kupima maana si lazima maswali ya ticha. Amesoma fisi akajikokota mpaka kisimani, we muulize tu, eh, alikuwa anaendaje? Akishuka kitini akaburuta mguu sakafuni ameelewa huyo, endeleeni.

Akikwama usimrukie. Nyamaza kidogo, hesabu moyoni mpaka tano, mwambie arudi mwanzo wa sentensi au atazame picha, ikishindikana mpe neno aendelee. Akisoma kapu badala ya kikapu na hadithi haijaharibika, sasa hapo wamkatiza ya nini?

Muda ni shida najua, shule, jioni madrasa, homuweki, mtoto kachoka. Dakika 10 au 15 kwa siku zatosha, bora iwe saa ile ile, wengine baada ya isha, wengine asubuhi wikendi kabla jua halijawa kali. Alasiri za miezi ya kaskazi ndani ni tanuri, mtoe barazani kwenye upepo. Na tamthilia zimeni jamani, huwezi kumwambia asome ukumbini huku nyinyi mwacheka na TV. Wewe pia shika kitu usome karibu yake, na kupekua simu hakuhesabiki.

Vitabu si lazima vipya. Kuna maktaba ya taifa, KNLS, mjini, kuna wauza vitabu vikuukuu, na majirani mkibadilishana kila nyumba yapata vitabu vingi bila kutoa shilingi. Kwenye simu ingia African Storybook, hadithi ni za bure, za Kiswahili ziko tele na zimepangwa kwa viwango, vile vya chini ukurasa una maneno machache tu. Pakua kwanza halafu zima data, la sivyo dakika mbili tu yuko YouTube.

Kama mzazi kusoma kwakupa tabu usijitoe, mtoto akimaliza amhadithie nyanya yake kwa maneno yake mwenyewe, nyanya akiuliza "ikawaje tena?" kazi imefanyika na hakuna mkubwa aliyeshika kitabu.

Jambo jengine, usimlipe. Shilingi ishirini kwa kila kitabu na utaona anaanza kuchagua vile vyembamba kabisa amalize vitatu kwa siku, ukitaka kumzawadia mpe kitabu kingine ama mwongeze robo saa kabla ya kuzima taa.