Mpira wa mkojo nyumbani: namna ya kuutunza, na kwa nini vidonge havitoshi

Wengi ninaowaaga wodini wakienda nyumbani na mpira wa mkojo, ule mrija unaoingizwa kibofuni kuutoa mkojo hadi mfukoni, ni wazee wa tezi dume wanaosubiri zamu ya upasuaji. Mzee anapewa mfuko, kadi ya kliniki na maelekezo ya dakika mbili mlangoni, tena anayeelekezwa ni yeye, wakati atakayefanya kazi yenyewe ni mke, mkwe au mjukuu. Nawaandikia ninyi.

Kwanza mjue mnapambana na nini. Bakteria wakiufikia mpira hawabaki wakielea kwenye mkojo. Wanajishikiza kwenye ukuta wake, wanatoa ute, wanajifunika humo tabaka juu ya tabaka. Huo ndio utando. Pitisha ulimi kwenye meno asubuhi kabla ya mswaki. Ule utelezi ni utando wa bakteria vilevile.

Bill Costerton, Mkanada aliyefariki mwaka 2012, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kuuchunguza utando huo, kwanza Chuo Kikuu cha Calgary, baadaye Montana nchini Marekani. Alikuwa ameona kwenye vijito vya milimani kwamba bakteria waliong'ang'ania mawe ni wengi kupita wale wanaoelea majini. Mwaka 1985, yeye, daktari Curtis Nickel na wenzao walichapisha jaribio ambalo natamani kila muuza duka la dawa angelijua. Waliotesha bakteria aina ya Pseudomonas juu ya vipande vya mpira wa mkojo, wakawawekea tobramaisini, dawa ya kuua bakteria. Wale wanaoelea walikufa wote kwa mikrogramu 50 kwenye mililita moja. Ndani ya utando, baada ya saa 12 kwenye mikrogramu 1,000, bado walikuwepo walio hai. Kiwango hicho hakuna daktari atakayethubutu kukifikisha kwenye damu ya mtu.

Ndiyo maana mzee anameza sipro, vidonge vya kuua bakteria, siku tano, mkojo unatakata, kisha wiki inayofuata mambo ni yaleyale. Dawa imewaua waliokuwa wakielea. Wenye nyumba wako palepale kwenye mpira.

Kazi yenu basi ni kuwachelewesha wasiingie. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kugusa mpira na baada ya kuugusa. Mara moja kwa siku, na kila baada ya haja kubwa, safisha pale mpira unapotokea kwa maji na sabuni ya kawaida, ukifuta kutoka mwilini kwenda nje. Kama mzee hakutahiriwa, vuta govi nyuma, safisha, kisha lirudishe mbele. Msisahau kulirudisha, maana likiachwa nyuma huvimba na kuleta balaa jingine. Spiriti, dawa za kuulia vijidudu na poda wekeni kando. Zinachubua ngozi, wala haziufikii utando ulioko ndani.

Pa kulinda kuliko pote ni kiungio cha mpira na mfuko. Kila kikifunguliwa, bakteria wamefunguliwa mlango. Kisifunguliwe ili kuvaa suruali, wala kusuuza mfuko ambao bado unatumika. Siku ya kubadili mfuko, uwe mpya na mikono iwe imenawiwa. Mkojo umwagwe kwa koki ya chini mfuko ukifika theluthi mbili, kwenye kopo la mzee mwenyewe ambalo halitumiwi kwa kingine. Ncha ya koki isiguse kopo.

Mfuko ukae chini ya kibofu saa zote. Kitandani wanakumbuka, tatizo ni safarini. Mzee anaona haya, anapanda daladala amepakata mfuko chini ya koti, na mkojo uliokwisha kutoka unarudi ndani pamoja na vyote vilivyoota kwenye mfuko. Tumieni mfuko mdogo wa mguuni, au fungeni huo mlio nao kwenye mguu chini ya goti kwa kipande cha khanga, bila kukaza, kanzu iufunike. Usiku uning'inizwe kwenye fremu ya kitanda, usiguse sakafu. Mpira wenyewe ubandikwe pajani kwa plasta ukiwa umelegea kidogo, usivutwe akigeuka.

Kuna bakteria mmoja msumbufu kuliko wenzake, Proteus mirabilis. Huivunja yurea, taka iliyomo kwenye mkojo, ikawa amonia, mkojo unapoteza asidi yake, na chumvi za magnesi na kalsiamu zinaganda kwenye utando mpaka tundu linaziba. Ukiutoa mpira kama huo na kusugua ncha yake kwa vidole unasikia mchanga. David Stickler na wenzake wa Cardiff, kule Wales, waliushughulikia ugonjwa huu kwa miaka mingi, na njia mojawapo waliyoipima iko jikoni kwenu: maji mengi yenye ndimu. Mkojo mwepesi wenye sitrati, ile itokayo kwenye ndimu, huchelewa kugandisha chumvi. Mpeni mzee anywe mpaka mkojo uwe na rangi hafifu. Mwenye ugonjwa wa moyo au figo aulize kwanza daktari wake kiasi cha maji anachoruhusiwa.

Mkojo ukikoma, angalieni kama mpira umejikunja, kama ameukalia, kama amefunga choo, maana choo kigumu huubana. Mkikuta hakuna hata kimoja na tumbo la chini linajaa, nendeni hospitali saa hiyohiyo. Msijaribu kuzibua kwa sindano.

Siku moja mama mkwe mmoja alinipigia simu akinong'ona: "Sista, mfuko wa mzee umegeuka zambarau. Kuna mtu katufanyia jambo." Hakuna aliyefanya jambo. Baadhi ya bakteria hugeuza mabaki ya chakula yanayopita kwenye mkojo yakawa rangi ya buluu na nyekundu, na zikichanganyika mfuko unakuwa zambarau. Huwapata zaidi waliofunga choo. Inatisha kuiangalia, lakini rangi peke yake haiui. Mtaarifuni muuguzi, mtibuni choo.

Vivyo hivyo mkojo kuwa na ukungu au kunuka. Kwa kila siku mpira unayokaa, watu 3 hadi 7 katika 100 hupata bakteria kwenye mkojo, kwa hiyo baada ya mwezi karibu kila mwenye mpira anao. Akipimwa ataambiwa ana UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, atapewa vidonge, na kitakachobaki ni bakteria sugu. Cha kuwashtua ni homa, kutetemeka, maumivu ya ubavuni au chini ya kitovu, damu, au mzee aliyekuwa timamu kuanza kuchanganyikiwa. Hapo msipite duka la dawa. Nendeni hospitali, na kama mpira umekaa zaidi ya wiki 2, ombeni ubadilishwe kwanza, ndipo mkojo wa kuotesha bakteria maabara uchukuliwe kupitia mpira mpya. Mkojo wa mfukoni haufai kwa kipimo hicho. Kuanza dawa na kuuacha mpira wa zamani ndani ni kuutibu mkojo na kuusahau utando.

Tarehe uliyowekwa iandikwe kwenye kadi kwa kalamu. Mpira wa kawaida hukaa wiki chache. Wa silikoni unaweza kufika wiki 12, lakini ukiziba mapema unatolewa mapema. Kuutoa wenyewe ni marufuku: ndani kuna puto la maji, na kulivuta likiwa limejaa kunachana njia ya mkojo. Na kila mnapofika kliniki, kabla hamjaomba mpya, ulizeni kama mzee bado anauhitaji. Wapo ambao wangeweza kukojoa wenyewe ila hakuna aliyeuliza.