Kujaza upya maganda ya .303 na kuijaribu Lee-Enfield No. 4

Shemeji yangu amenunua Lee-Enfield No. 4 huku Marekani, bunduki ya ukoo wa zile walizobeba askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza). Alikuja na mfuko wa maganda ya risasi zilizokwisha kupigwa, aliyookota uwanja wa shabaha, na swali moja: aanze na baruti gani? Nikamwambia baruti ingoje. (Mlioko nyumbani, kutengeneza risasi bila kibali ni kosa. Someni tu.)

Hatua ya 1: Bunduki. Safisha mtutu, kisha mpe fundi wa bunduki apime nafasi kati ya bolti na kitako cha ganda. Vichwa vya bolti ya No. 4 vina namba, 0 hadi 3. Nafasi hiyo ikizidi, anaweka kichwa kirefu zaidi.

Hatua ya 2: Maganda. Hapa ndipo nilipopoteza Jumamosi nzima, nusu ya ganda imenasa kwenye chemba (tundu la nyuma ya mtutu linamokaa ganda) na nusu mkononi.

Ganda la .303 lina ukingo kitakoni, na ukingo huo ndio unaolizuia lisizame. Chemba yenyewe ni pana, ilichongwa ili hata risasi yenye uchafu wa vitani iingie. Ukifyatua, ganda linatanuka. Ukilirudisha lote kwenye umbo la kiwandani kwa kalibu (chuma cha kulibana ganda), likitanuka tena linavutika palepale juu kidogo ya kitako, kama waya unaokunjwa na kukunjuliwa, mpaka likatike.

Kwa hiyo kaza shingo peke yake, na tumia maganda yaliyopigwa kwa bunduki yako tu. Yale ya kuokota nilimwambia shemeji ayatupe, alinuna, akayatupa. Ganda jipya, kwa mpigo wa kwanza, livishe pete nyembamba ya mpira mbele ya ukingo ili likae limebanwa nyuma. Kila raundi ya kujaza chukua waya mwembamba, upinde ncha, ukwangue ndani ya ganda kuelekea kitako. Ukihisi mfereji, au ukiona mstari unaong'aa kwa nje, libonde kwa koleo lisirudi mezani. Usiseme "moja tu zaidi". Mimi nilisema.

Hatua ya 3: Kujaza. Kipimo cha baruti ni cha kitabu cha mtengenezaji wa baruti hiyo, anzia chini. Usichukue namba ya mtu wa mtandaoni, hata yangu. Chombo kimoja tu cha baruti mezani. Mimi napendelea mizani ya mkono kuliko ya betri, haipotoki taratibu bila kukuonya. Vichwa vya risasi viwe vya kipenyo cha inchi .311 au .312, vya .308 vitayumba ndani ya mtutu.

Hatua ya 4: Shabaha. Yadi 100, mifuko ya mchanga chini ya mbao, kamwe si chini ya mtutu. Piga tano kwa kila kipimo cha baruti, tatu zinadanganya. Acha mtutu upoe, na usiguse kioneo cha nyuma katikati ya kundi la risasi hizo tano. Pima kutoka kati ya tundu moja hadi kati ya lile la mbali zaidi. Kwa vioneo vya chuma, inchi 3 mimi naridhika.

Tundu zikipanda wima moja juu ya nyingine mtutu unapopata moto, usirudi kwenye baruti. Fungua mbao ya mbele uone inapougusa mtutu. Ya shemeji ilikuwa imejikunja.