Ukitaka MGB au Spitfire, anza na kutu, injini baadaye

Kwanza tuelewane, hivi vigari vya Kiingereza vya zamani, vya viti viwili na turubai la kukunja, havina mbio. MGB ina injini ya 1798cc tu na Toyota ya kwenda sokoni inaweza kukuacha kwenye taa, ila wewe umekaa chini karibu na lami, turubai limekunjwa nyuma, upepo wote wako, maili 50 kwa saa unajiona unapaa. Na bei yake haifiki hata karibu na ya Jaguar E-Type, ile ya matajiri.

Mi kwa anayeanza namwambia achukue MGB. Imetoka kiwandani Abingdon kuanzia 1962 mpaka 1980, zaidi ya laki tano, kwa hiyo Uingereza spea zimejaa, hata bodi mpya nzima unapata. Zile za bampa nyeusi za kuanzia mwishoni mwa 1974 huwa bei nafuu, ziliinuliwa juu kidogo sababu ya sheria za Marekani na watu wanazidharau (mi naona hazina shida). MG Midget, mdogo wake MGB, ni tamu ila kama una miguu mirefu sahau.

Sasa siku ya kwenda kuangalia, beba sumaku na tochi. MGB haina chesisi (fremu ya chini) ya peke yake, bodi ndo chesisi, kwa hiyo pale chini ya milango pakioza gari limekwisha hata kama rangi inang'aa kama kioo. Pitisha sumaku, isiponata ujue ni puti, si bati. Omba wapige jeki upande mmoja halafu fungua mlango, ukianza kukwama au nafasi ya pembeni imebana, rudi nyumbani.

Triumph Spitfire yenyewe ina chesisi na boneti yake inafunguka nzima na mabawa yake, unakalia tairi unafanya kazi, raha sana kwa fundi wa nyumbani. Ila muulize mwenye gari zile trunioni za mbele (viungo vya chini vinavyozunguka tairi likikata kona) anaweka nini. Akisema grisi, mmh. Kitabu kinataka oili nzito ya gia, zikikauka zinakatika na tairi linalala. Na za kabla ya Mk IV (toleo la nne) usiachie mafuta ghafla katikati ya kona, mkia unaweza kukugeuka.

Injini hata ikivuja oili kidogo usiogope, inatengenezeka. MGB za mpaka 1967 chanya ya betri ndo imefungwa kwenye bodi, kinyume na magari ya sasa, ukiweka redio ya kisasa bila kujua unaiunguza.

Huko Uingereza gari likishatimiza miaka 40 kodi ya barabara hulipi, ila lazima uombe, na MOT, ule ukaguzi wa gari wa kila mwaka, si lazima tena. Mi bado napeleka kila mwaka. Yangu ya kwanza niliinunua kwa sababu ni nyekundu, kapeti sikulinyanyua, wiki ya pili nakanyaga klachi naona lami chini ya kisigino.