Kuponea Chupuchupu Mnazini: Mambo ya Kurekebisha Kabla Mkwezi Hajapanda Tena

Hapa Mombasa, katika mashamba ya Mwakirunge, Mtongwe na Jomvu Kuu, na hata katika viwanja vilivyozungushiwa ukuta kule Bamburi na Shanzu, kazi ya kuangua nazi na madafu ingali inategemea mtu mmoja, panga lake na miguu yake mitupu. Mnazi mrefu wa Pwani hufika mita 20 na zaidi. Mtu anayeanguka kutoka mita 15 hufika chini kwa muda usiotimia sekunde 2, akiwa na mwendo wa takriban kilomita 60 kwa saa, na kwa mwendo huo hakuna ustadi wa kujikunja wala kujirusha utakaomfaa. Ndiyo maana sehemu kubwa ya ushauri huu inahusu yanayofanyika chini ya mti, kabla mkwezi hajauweka mguu wa kwanza kwenye shina.

Matangani watu husema kwamba ajali haina kinga, na maneno hayo yana faraja yake. Hata hivyo, ukiwauliza wakwezi wa mtaa kwa utulivu, mara nyingi utasikia kwamba mnazi uliomwangusha mwenzao ulikuwa umekwisha kutoa ishara: kidato, yaani pa kukanyagia palipochongwa shinani, kilimomonyoka chini ya kisigino cha mtu mwezi uliopita, kuti lilichomoka mkononi, au kilele kiliyumba kuliko kawaida. Aliyeponea chupuchupu siku ile alishuka, akatania kidogo na wenzake, akahamia mnazi wa pili. Mwenye shamba hakuambiwa, kwa sababu mkwezi anachelea kuonekana amezeeka au ameingiwa na woga, kazi ikapewa kijana mwingine. Basi kijana huyo akija, anaupanda mnazi ule ule bila habari yoyote.

Jambo la kwanza analoweza kufanya mkulima karibu halimgharimu kitu. Kila mkwezi anaposhuka, aulizwe ni wapi miguu au mikono haikushika vizuri. Asiulizwe kama ameteleza, kwa kuwa swali la namna hiyo hujibiwa "La, salama tu" hata na mtu ambaye magoti bado yanamtetemeka. Akiulizwa ni wapi, huonyesha kwa kidole: pale juu ya kile kivimbe, upande wa bahari. Jibu hilo liandikwe katika daftari la shamba pamoja na tarehe na namba ya mnazi, na shina lipakwe alama ya rangi nyekundu hadi kasoro itakapoondolewa. Minazi isiyo na namba ipewe namba. Kwa shamba la minazi michache hiyo ni kazi ya asubuhi moja na kopo dogo la rangi.

Jambo la pili lina gharama kidogo, lakini kwa maoni yangu ndilo linalookoa watu zaidi ya kifaa chochote. Wakwezi wengi hulipwa kwa idadi ya minazi waliyopanda au nazi walizoangua, na kwa hiyo mkwezi anayeutazama mnazi mbovu na kuukataa huwa amejinyima riziki kwa mdomo wake mwenyewe. Mwenye shamba akubaliane naye tangu mwanzo kwamba mnazi uliokaguliwa ukakataliwa utalipiwa pia, hata kama ni nusu ya bei. Pasipo makubaliano hayo, ukaguzi unabaki kuwa maneno tu, maana mwenye njaa atapata sababu ya kuuona kila mnazi kuwa ni mzima.

Ukaguzi wenyewe huanzia mizizini. Siku hizi, mashamba yanapokatwa viwanja, mitaro ya misingi na ya mabomba huchimbwa hadi karibu kabisa na minazi, na mizizi ya upande mmoja ikakatwa. Mnazi kama huo huweza kusimama miaka kadhaa ukiwa umesawazika vizuri, kisha ukalala kwa uzito wa mtu mmoja kileleni. Vivyo hivyo kwa minazi iliyo ukingoni mwa bahari, ambako mawimbi yameondoa mchanga. Baada ya mizizi, shina lizungukwe taratibu huku likigongwa kwa ubapa wa panga: sauti kavu na nzito ni dalili njema, na sauti ya ngoma ina maana kwamba ndani mna uwazi. Vichuguu vya mchwa, utomvu wa kahawia unaochuruzika, na ufa unaopanda kwa wima ni sababu tosha za kuuacha mti. Hatimaye mtu arudi nyuma hatua kadhaa atazame juu. Mnazi ambao shina lake limesinyaa karibu na kilele, wenye makuti machache na mafupi, au uliowahi kupigwa na radi, usipandwe na yeyote kwa malipo yoyote. Makuti yaliyokatwa pembetatu kama kwa mkasi huonyesha kwamba mbawakawa wa mnazi, anayejulikana na wengi kama chonga, ametoboa moyo wa mti. Mnazi huo huenda ukaendelea kuzaa, ila mkwezi aambiwe mapema kwamba huenda kilele kisiwe imara.

Vidato vinastahili aya yake. Ngazi hizo zilizochongwa shinani humrahisishia mkwezi kazi, lakini kila kidato ni jeraha ambalo mnazi hauwezi kuliziba, kwa kuwa shina la mnazi halina gome linaloota upya kama la mwembe. Kidato kilichochongwa kikiinamia ndani hukusanya maji ya mvua, kikaoza kutoka nyuma, na kwa nje kikabaki kinaonekana kizima. Kilichotumika kwa miaka mingi nacho huwa kimelainika ukingoni hata vidole vya mguu havipati pa kukamata. Katika shamba moja la Mwakirunge nilimwona mkwezi wa makamo akikitia kidole gumba cha mkono kila kidato cha chini kabla ya kupanda. Kidole kilipozama ndani hadi kifundo, aliuacha mti huo akaomba mnazi mwingine, na hakuna aliyembishia. Asiye na haja ya kuchonga asichonge, na pale ambapo lazima ichongwe, kidato kiwe kifupi, kiinamie nje ili maji yatoke, na kisizidi kina kinachotosha kushika vidole vya mguu.

Hatari kubwa ya pili iko kileleni, nayo ni kuti kavu. Mkwezi aliyechoka hunyoosha mkono na kushika kilicho karibu, na mara nyingi kilicho karibu ni shina la kuti lililokwisha kukauka, ambalo linashikiliwa na nyuzi chache tu. Kanuni inayofaa kufundishwa kila kijana anayeanza kazi ni kwamba mkono haushiki kuti la kahawia hata kwa kujishikiza kidogo, na kwamba mtu haachi mkono wa pili mpaka wa kwanza umejaribu uzito. Makuti makavu na makarara, yaani magamba yanayofunika maua ya mnazi, yaondolewe kwanza, moja moja, kabla ya nazi kuguswa. Kazi hiyo hufukuza pia wadudu waliojificha. Nyigu na nyuki ndio wanaowaangusha wakwezi kwa haraka kuliko wote, kwa sababu mtu aliyechomwa usoni huachia mikono yote miwili pasipo kufikiri. Maji moto, yaani wale sisimizi wekundu wa mitini, nao huuma vibaya. Lakini wao wasiuawe ovyo, kwa kuwa wanawala na kuwafukuza kunguni wa mnazi wanaosababisha vidaka, yaani nazi changa, kupukutika. Mkwezi avae shati la mikono mirefu na apande mnazi wenye maji moto asubuhi mapema, kabla hawajachangamka.

Kuhusu wakati, masika ndiyo majira ya kuogopwa zaidi. Kuanzia Aprili hadi Juni mashina huota ukungu wa kijani upande usiopigwa na jua, na saa moja ya jua baada ya mvua haitoshi kuukausha. Upepo wa kusi nao huvitikisa vilele hata siku isiyo na mvua. Wagema, yaani wanaopanda kugema tembo, ile pombe ya mnazi, wamo katika hatari ya pekee, kwa kuwa wao hawasubiri mavuno: mgema mwenye minazi 10, akipanda asubuhi na jioni, hupanda mara 20 kwa siku, yaani mara 140 kwa wiki, na safari za jioni humkuta giza li karibu. Mombasa jua likishatua, mwanga hauchukui muda kuondoka, hivyo mgema awe amemaliza mnazi wa mwisho kabla ya saa kumi na mbili jioni. Kuonja tembo ni sehemu ya kazi yake, lakini kuonja kufanyike baada ya kushuka mnazi wa mwisho. Katika mwezi wa Ramadhani, ambapo majumbani tui hutumika kwa wingi na nazi hutafutwa kila upande, mkwezi aliyefunga apewe kazi ya asubuhi baada ya daku. Kumpandisha alasiri akiwa na kiu ni kumtafutia kizunguzungu, na mnunuzi wa soko la Kongowea anaweza kusubiri hadi kesho.

Kuhusu vifaa, mkanda wa kiunoni peke yake ulioshikizwa kwa kamba ya mkonge hauaminiki, maana mkonge huoza kwa unyevu kwa ndani, nao mkanda wa kiunoni humvunja mtu mgongo anapokatwa mwendo ghafla. Unaofaa ni mkanda wa mwili mzima, unaopita mapajani na mabegani, pamoja na kamba mbili zinazozungushwa shinani ili moja ibaki imefungwa wakati nyingine inapohamishwa juu. Kamba za nailoni nazo huchakaa kwa jua. Iliyofifia rangi, iliyokakamaa au iliyokwaruzwa na panga ibaki kufungia mbuzi. Panga au kotama, kile kisu cha mgema, ifungwe kwa kamba yake mwenyewe, isishikwe kwa meno. Katika jimbo la Kerala nchini India wapo wanaotumia kifaa cha vyuma viwili vinavyobana shina kwa zamu, mtu akipanda kama anayekanyaga baiskeli. Ni kifaa kizuri kwa shina lililonyooka, lakini hakiondoi haja ya mkanda. Zaidi ya hayo, mtu aliyening'inia kwenye mkanda bila kujiweza huweza kudhurika katika dakika chache kwa damu kulundikana miguuni, hivyo pawepo mwenzake anayejua kupanda na mwenye kamba ya kumshushia. Mkwezi asiachwe shambani peke yake.

Chini ya mnazi paondolewe mawe ya matumbawe, vifuu, vigingi na matofali. Watu na mifugo wakae mbali kwa kiasi kisichopungua nusu ya urefu wa mnazi, na watoto wanaokimbilia madafu wazuiwe na mtu mzima aliyepewa kazi hiyo tu. Mnazi ambao makuti yake yanagusa au yanakaribia nyaya za umeme usipandwe. Kampuni ya umeme iarifiwe.

Kwa miti mingine maneno ni machache. Embe nyingi huweza kuchumwa kwa upembo, yaani mti mrefu wa kuangulia, wenye kifuko cha wavu, na mwembe uliopogolewa kila baada ya mavuno hauna sababu ya kupandwa hadi juu. Korosho hazihitaji kupandiwa kabisa: zilizokomaa huanguka zenyewe, na za kuokota chini ndizo bora.

Ajali ikitokea, makosa ya dakika za mwanzo huweza kumlemaza mtu ambaye angepona. Aliyeanguka kutoka kimo kinachozidi mita 3 achukuliwe kuwa ameumia uti wa mgongo mpaka daktari aseme vingine. Asiinuliwe, asikalishwe, asivutwe miguu, asikandwe, wala asipewe maji au dafu. Mtu mmoja apige magoti nyuma ya kichwa chake na kukishika kisigeuke, mwingine abane kwa kitambaa mahali panapotoka damu, na wa tatu apige simu 999 au 112. Akitapika, ageuzwe kwa ubavu na watu kadhaa kwa pamoja, kichwa na mwili vikienda sambamba. Gari lisipopatikana kwa haraka, abebwe juu ya mlango au ubao mpana, akiwa amefungwa asisogee. Bodaboda haifai kwa vyovyote. Wakaazi wa Likoni na Mtongwe wakumbuke kivuko: ni vyema kuamua mapema, siku isiyo na msiba, ni hospitali gani ya upande huo itakayompokea majeruhi kwanza kabla ya kuvushwa kwenda Hospitali Kuu ya Pwani. Na anayeanguka kisha akasimama, akajipangusa na kusema yu mzima, naye apelekwe akapimwe, kwa sababu wengu na ini huweza kuvuja damu kwa saa nyingi kabla ya maumivu makali kuanza. Mkojo wenye damu, tumbo kukakamaa, usingizi usio wa kawaida au kutapika ni dalili za kukimbizwa hospitali usiku huo huo.

Mwenye shamba, hoteli au nyumba ya kupangisha anayeajiri wakwezi aelewe pia kwamba Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri awakatie wafanyakazi wake bima. Ni busara kuuliza ofisi ya kazi kama vibarua wake wa minazi wanahesabiwa humo kabla ya kumwita mkwezi.

Kwa muda mrefu, dawa iliyo bora ni kupunguza urefu wenyewe. Minazi mifupi huanza kuzaa ikiwa na miaka 3 hadi 4, wakati ule mrefu huchukua 6 hadi 8, na kwa miaka mingi madafu yake huchumwa mtu akiwa amesimama chini au juu ya ngazi fupi. Inahitaji maji na mbolea zaidi, na haistahimili ukame kama mirefu, kwa hiyo ianzie karibu na kisima au mahali panapopata maji ya nyumbani. Miche bora iulizwe katika ofisi ya kilimo ya kaunti au kituo cha KALRO, shirika la taifa la utafiti wa kilimo na mifugo, kilichoko Mtwapa. Mirefu iliyopita miaka 60 ipandiwe mifupi katikati ya mistari, na kila mnazi uliopakwa rangi nyekundu uwe wa kwanza kuombewa ruhusa ya kukatwa pindi mche wa jirani yake utakaposhika.