Kumchezesha muziki mtu mwenye Parkinson: hatua ninazofuata

Mtu mwenye ugonjwa wa Parkinson anaweza kukwama mlangoni, miguu imegoma kabisa, lakini ukimpigia ngoma akatembea. Ubongo wake umepungukiwa dopamini, kemikali inayosaidia kuendesha miondoko, kwa hiyo mwendo uliokuwa ukijiendesha wenyewe sasa unahitaji kusukumwa. Mapigo ya muziki husaidia kuusukuma. Mpangilio ninaoutumia ni wa Dance for PD, mpango wa madarasa ya dansi kwa wenye Parkinson ulioanzishwa Brooklyn, New York, mwaka 2001: kiti, kusimama, kutembea, duara.

1. Uliza saa ya dawa. Wengi wanaotumia levodopa, dawa inayoongeza dopamini, mwili huwafunguka kama saa moja baada ya kumeza. Panga kipindi hapo. Ondoa mikeka na nyaya, tafuta viti imara, uwe na msaidizi.

2. Chagua muziki. Hesabu hatua zake kwa dakika moja akitembea kawaida, kisha tafuta wimbo wenye mapigo yanayokaribiana. Rumba ya taratibu inafaa sana, ila zima kabla sebene haijachanganya, maana wapo ambao kasi ikipanda hatua zinakuwa fupifupi, wanakimbilia mbele na kuanguka.

3. Anzeni mmekaa. Usiharakishe hapa. Parkinson hufinya miondoko, basi wape picha kubwa: badala ya "inua mkono", sema "mama, chuma lile embe la juu kabisa." Tazama vidole vinavyotetemeka vikiwa vimelala pajani, mara nyingi mkono ukishaondoka kwenda kuchuma, mtetemo unapungua. Madaha ya mikono ya lelemama nayo yanafaa sana hapa.

4. Simameni polepole, mkishika migongo ya viti vilivyoegemezwa ukutani. Presha ya wengi hushuka wanaposimama, kwa hiyo subiri kidogo kabla ya kuanza hatua.

5. Tembeeni. Bandika vipande vya selotepu ya rangi sakafuni, kimoja kila hatua, wavivuke kwa mdundo. Kugeuka kuwe kwa kuzunguka nusu duara pana, kamwe si kwa kujipinda papo hapo. Kurudi kinyumenyume mimi nimekuacha kabisa.

Akiganda, usimvute! Ukimvuta kiwiliwili kitatangulia na miguu itabaki. Nyamaza, mwache apumue, ahamishe uzito kushoto, kulia, kushoto. Kisha hesabu naye: "Moja, mbili, twende mzee," na hatua ya kwanza iwe ndefu.

6. Malizieni kwa duara, kila mtu akimpa jirani yake ishara ya mkono huku wakitazamana. Ugonjwa huu hukausha uso, hata ndugu wakadhani mtu amenuna. Mpe muda tabasamu lake lifike.

Kipindi hikihiki kinawabeba wengine. Mwenye kiti mwendo afunge breki wakati wa miondoko ya mikono, afungue wakati wa kutembea. Aliyepata kiharusi aubebe mkono dhaifu kwa ule mzima. Kiziwi akae mbele akuone vizuri, na ngoma iwekwe juu ya ubao ambao miguu yake inaugusa. Asiyeona mweleze kila mwondoko kwa maneno, na umwombe ruhusa kabla ya kumshika.