Ukishasema, andika pia

Kama unafanya kazi na mtu mwenye usonji (autism), ADHD (ugumu wa kutulia na kushikilia jambo moja akilini) au disleksia (ugumu wa kusoma na kuandika), kuna jambo dogo linalosaidia kuliko semina nzima: ukishamwambia kitu kwa mdomo, mwandikie pia. Mistari mitatu inatosha. Maagizo unayoyatoa mkipishana mlangoni, huku simu inaita, kwa mwenye ADHD yanaweza kuwa yameshapotea kabla hajafika mezani kwake. Si kwamba hajali.

Na ukiandika, nyoosha maneno. "Hebu ipitie ile ripoti ukipata nafasi" haisemi kitu. Apitie nini, hesabu au lugha? Nafasi ni leo au wiki ijayo? Mwenye usonji huenda akayachukua maneno yako kama yalivyo, akangoja hiyo nafasi ipatikane kweli, nawe Ijumaa umenuna. Andika hivi: "Kagua jumla za jedwali la pili, nirudishie Alhamisi saa nane mchana." Mwenye disleksia pengine atapendelea ujumbe wa sauti, muulize tu.

Kikao nacho, tuma ajenda siku moja kabla. Anayetazama chini unapoongea huenda ndivyo anavyokusikia vizuri zaidi, na aliyevaa vipokea sauti hajakudharau, anapunguza kelele.

Usidai cheti cha daktari kwanza, maana wengi hawana na wengine hawataki kusema. Mimi siku hizi nawaandikia wote hivyohivyo, na "kwani ulisema lini?" sijaisikia kitambo.