Somo: Ukialikwa chakula na mwenye kiwanda Guangzhou

Wafanyabiashara wa Kariakoo wanaokwenda Guangzhou, kusini mwa China, kufuata mzigo hujiandaa kwa bei, sampuli na kontena. Chakula cha jioni ambacho mwenye kiwanda atawaalika, wengi hawakifikirii kabisa. Nawaomba mkichukulie kwa uzito, maana pale ndipo mwenyeji anapokupima kama unafaa kufanya naye kazi miaka mingi au ni mnunuzi wa mara moja.

Hatua ya 1: Kiti. Usikae kabla hujaonyeshwa. Meza ni ya duara. Mwenyeji hukaa akitazama mlango na mgeni mkuu huwa kuliani kwake. Kama mmekwenda wawili, mkubwa wenu atangulie.

Hatua ya 2: Vyombo. Katika mikahawa mingi ya huko watu husuuza bakuli, vikombe na vijiti kwa chai ya moto, kisha huimwaga kwenye beseni dogo. Fanya kama wao. Chai hiyo ya kwanza si ya kunywa.

Hatua ya 3: Chai yenyewe. Hii ndiyo hatua ninayoisisitiza kuliko zote. Mtu akikumiminia, gonga meza taratibu kwa vidole viwili. Umeshasema asante bila kukatiza maongezi. Wenyewe husimulia kwamba Mfalme Qianlong, aliyetawala karne ya 18, alisafiri kwa kujificha akawamiminia chai watumishi wake. Kwa kuwa hawakuweza kumsujudia mbele za watu, wakasujudu kwa vidole. Nawe ukishika buli, anza na vikombe vya wakubwa, chako kiwe cha mwisho. Maji yakiisha, weka mfuniko upande na mhudumu ataongeza.

Hatua ya 4: Kula. Sahani zimepangwa juu ya kioo kinachozunguka. Kizungushe polepole, na kamwe si wakati mwenzako anachota. Chukua kidogo kilicho mbele yako, usipekuepekue kutafuta minofu. Kama sahani imeletwa na vijiti vyake vya kupakulia, tumia hivyo. Usichomeke vijiti vikasimama kwenye wali, kwani hufanana na udi unaochomwa kwa ajili ya wafu. Samaki huletwa mzima, kichwa kikielekea kwa mgeni mkuu, naye ndiye wa kuanza. Nyama ya juu ikiisha usimgeuze: kwa wavuvi wa kusini, kumgeuza samaki ni kuombea chombo kipinduke.

Hatua ya 5: Biashara na bili. Mwenyeji ndiye wa kufungua habari za mzigo. Aliyealika hulipa, hakuna kuchangishana. Siku nyingine mwalike wewe.

MASWALI

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni Mwislamu, nifanyeje na nguruwe?

Jibu: Marahaba. Sema siku unayoalikwa, usingoje kufika mezani, kwa sababu mafuta ya nguruwe huweza kutumika hata kupikia mboga. Guangzhou ina Waislamu tangu zamani, na msikiti wa Huaisheng ni miongoni mwa mikongwe kabisa ya China. Migahawa ya halali ipo, hasa mtaa wa Xiaobei. Mwenyeji mwema atakupeleka huko bila kinyongo.

Swali: Wakisema “ganbei”, yaani kausha glasi, ni lazima nimalize? Mimi ni mwanamke na pombe situmii.

Jibu: Si lazima, dada. Ile baijiu, pombe yao ya nafaka, ni kali, mara nyingi kilevi asilimia 40 kwenda juu. Kataa tangu glasi ya kwanza, kwa sababu ukionja moja hawataelewa kwa nini ya pili huitaki. Inua chai yako kwa mikono miwili, na ukigonganisha na mkubwa, ukingo wa chako uwe chini ya chake. Heshima wataiona hapo.

Swali: Vijiti vinanishinda kabisa.

Jibu: Omba kijiko, wanavyo. Ila jaribu kwanza mbele yao, watafurahi kukufundisha.

Swali: Kila nikimaliza sahani wananiongezea!

Jibu: Bakiza kidogo. Sahani tupu huwaambia bado una njaa.